UZI WA MALALAMIKO: Mnabishania petroli ya magari yenu, uhaba utaanza kuuma kwenye dizeli

Wakuu, salamu baadaye, hasira ikipoa. Kila habari ya uhaba wa mafuta ikitua humu, mabishano ni yaleyale: mmoja anaapa yanaisha kesho, mwingine anaapa yapo tele mpaka wajukuu wazeeke, wa tatu anauliza gari la umeme linakwenda kilomita ngapi. Kurasa kumi na mbili, neno "dizeli" halimo!

Mafuta hayaishi kama maji ya mtungi. Kisima huchoka: presha inashuka, maji yanapanda pamoja na mafuta, na kila lita inadai nishati zaidi kuitoa kuliko iliyotangulia. M. King Hubbert, mwanajiolojia wa Marekani, alisema mwaka 1956 kwamba uzalishaji wa Marekani ungefika kileleni kati ya 1965 na 1970. Ulifika 1970. Ndiyo, najua Marekani hiyohiyo imekuja kukipita kilele kile kwa mafuta ya sheli (si kituo cha mafuta, ni miamba migumu inayopasuliwa ili iyatoe), msinirushie hilo kama jiwe. Kisima cha sheli hupoteza zaidi ya nusu ya mtiririko wake ndani ya mwaka wa kwanza, hivyo unachimba vipya bila kupumzika ili ubaki ulipo. Na mafuta yake ni mepesi: petroli nyingi, dizeli kidogo.

Hapo ndipo penyewe. Pipa ni lita 159. Kiwandani mafuta ghafi hupashwa moto yakatengana kwa joto la kuchemka: gesi juu, kisha petroli, mafuta ya taa na ya ndege, dizeli kwenye nyuzi 180 hadi 360 hivi, na chini kabisa lami. Huwezi kukiamuru kiwanda kitoe dizeli tupu. Kinaweza kusogeza asilimia chache huku au kule. Zaidi ya hapo unataka mitambo ya kuvunjavunja mafuta mazito, na hiyo hujengwa kwa miaka. Halafu tunatulizwa kwamba dunia inapata mapipa milioni 100 kwa siku. Ndani ya hesabu hiyo wameingiza mpaka gesi za propani, butani na ethani, na pombe ya ethanoli. Trekta lako linakunywa butani?

Petroli ikikosekana, watu wanatembea, wanapanda baiskeli, wanabanana kwenye gari moja. Wanaumia, lakini wanafika. Dizeli ikikosekana, lori la chakula halitoki, mashine ya kuvuna inalala shambani mazao yakipukutika, pampu ya maji inanyamaza, jenereta ya hospitali inabaki pambo. (Na acheni kuandika kwamba urea inatengenezwa kwa mafuta. Hidrojeni yake hutoka kwenye gesi asilia, kwingine makaa ya mawe. Dizeli inahusika kuifikisha kwako.)

Sasa hiyo "mipango ya dharura" inayosifiwa humu. Wa kwanza: magari ya namba shufwa yajaze leo, ya namba witiri kesho. Huo unalenga kupunguza foleni, haupunguzi lita. Aliyezoea kujaza mara moja kwa wiki atajaza kila siku yake ikifika, hata tangi likiwa na robo tatu, kwa sababu anaogopa. Pigeni hesabu: magari milioni moja yaliyozoea kutembea na robo tangi, kila moja likiongeza lita 25 "za tahadhari", ni lita milioni 25. Kwa lori la lita 35,000 ni safari zaidi ya 700 zisizokuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote. Mafuta hayajapotea, yamehamia kwenye matangi ya magari yaliyoegeshwa. Tiba yake si kikomo cha juu peke yake. Weka na kiwango cha chini: mwenye zaidi ya nusu tangi hauziwi. Hilo halimo kwenye mpango wowote mnaoubandika humu.

Wa pili: kufunga bei na kukaa kimya kuhusu nani apewe kwanza. Bei ikifungwa chini bila mgawo wa lita, mafuta yanakwenda kwa mwenye muda wa foleni na mwenye mapipa ya kuficha. Bei ikiachiwa, yanakwenda kwa mwenye fedha. Njia zote mbili, pampu ya maji ya kijiji inashika mkia. Orodha ya kipaumbele inaandikwa kabla, kwa lita kwa siku: maji, hospitali, uvunaji na usafirishaji wa chakula, zima moto, takataka. Kila mmoja na tangi lake, kipimo chake na jina la anayesaini.

Na ukiomba hesabu ya hizo lita, unaambiwa "hatujui tunatumia ngapi". Jenereta ya kilowati 80 ikibeba mzigo wa 20 tu hunywa karibu lita 8 au 9 kwa saa, ikibeba zote 80 hunywa 22 hadi 24. Maana yake kwenye mzigo mdogo kila lita inakupa umeme mchache zaidi, na juu yake silinda hazipati joto la kutosha, dizeli isiyoungua inatiririka kwenye bomba la moshi, masizi yanaganda, injini inakufa kabla ya siku zake. Mwenye akili ananunua jenereta mbili, ndogo na kubwa, na anakusanya kazi nzito (kufua, kuchemsha vyombo, kusukuma maji) kwenye saa zilezile chache.

Akiba nayo. Dizeli si asali. Baada ya miezi sita hadi kumi na miwili inaanza kuharibika, na adui mkubwa ni maji yanayotonea ndani ya tangi usiku. Pale maji na dizeli vinapokutana ndipo vijidudu vinapoota, na filta inaziba kwa utelezi mweusi siku hasa unayoihitaji. Weka tangi kivulini, lijae ili hewa iwe kidogo, liinamie upande mmoja, na toa maji kwenye koki ya chini kila mwezi. Yaliyoingia kwanza yatumike kwanza. Petroli ni mbaya zaidi, miezi mitatu hadi sita, na yenye ethanoli ikinywa maji hujitenga matabaka mawili.

Mnaotaja Kuba kama mfano wa nchi iliyoweza kuishi bila mafuta, someni mpaka mwisho. Mafuta ya Kisovieti yalipokatika miaka ya 1990, waliingiza baiskeli kutoka China, wakafunga matrela ya abiria nyuma ya vichwa vya malori, wakarudisha maksai mashambani. Lakini walijifunza huku wakiwa na njaa. Maksai hafundishwi kwa wiki moja, na jembe lake halitengenezwi siku mvua inanyesha.

JIBU #2
Mkuu, ongeza na hili maana kesho wataanza kumwaga mafuta ya kupikia kwenye tangi. Mafuta ya mimea mabichi yana mnato takriban mara kumi ya dizeli. Nozeli (zinazopuliza mafuta ndani ya injini) haziyapulizi vizuri, masizi yanajenga, ringi zinaganda, oili inageuka uji. Lazima uyageuze yawe dizeli ya mimea: kausha maji yote kwanza, pasha nyuzi 55, methanoli mililita 200 kwa lita, na kostiki (hidroksidi ya sodiamu) gramu 3.5 kwa lita ya mafuta mapya. Yaliyokwisha kaangiwa pima tindikali yake kwanza, uongeze kostiki kulingana na kipimo. Ukikisia unapata sabuni. Koroga saa nzima, acha yatulie usiku, toa gliserini chini, osha kwa maji, kausha tena. Usivuke nyuzi 64, methanoli inachemka, na mvuke wake unapofusha na kulipuka. Na kuchakachua dizeli kwa mafuta ya taa kunaipunguzia uwezo wa kulainisha vyuma: pampu ya nozeli inajisaga yenyewe.

JIBU #3
Gesi ya kuni (inayotoka kuni zikiungua kwa hewa kidogo) je? Ulaya waliendesha magari kwayo wakati wa vita.

JIBU #4 (mwenye uzi)
Waliendesha, na takriban kilo 3 za kuni kavu zilichukua nafasi ya lita moja ya petroli, nguvu ikipungua theluthi au zaidi. Kuni zikizidi unyevu wa asilimia 20 lami inaingia kwenye vali. Gesi yenyewe ina kaboni monoksaidi nyingi, inaua kimya ndani ya banda. Zidisha kilo 3 kwa lita zako za mwezi, kisha utazame msitu uliobaki.

Kwa pampu za maji jibu lipo na halina moshi. Mita za ujazo 20 kwa siku kutoka kina cha mita 30 ni 20 × 30 × 9.81 ÷ 3600, yaani kilowati-saa 1.6. Pampu na mota zikila zaidi ya nusu, unahitaji kama 3.7. Paneli za kilowati moja, jua kamili la saa tano, toa robo ya upotevu, zinatosha bila betri: hifadhi maji kwenye tangi la juu, si umeme. Anayetaka nimpigie hesabu alete ujazo, kina kutoka usawa wa maji wakati pampu inavuta, na urefu wa bomba. Bila hivyo vitatu sijibu.