Mrejesho: gari ya 1998 iliyokosa nguvu, nimepima kompresheni
Wakuu, ile gari yangu inayotoa moshi wa bluu mlisema nipime kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kabla fundi hajafungua injini. Nimeazima geji kwa jirani hapa Tabata, injini ikiwa ya moto nikatoa plagi zote, nikachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili, dogo akakanyaga mafuta mpaka mwisho huku anapiga stata. Silinda tatu zinasoma 165 hadi 170 psi (kipimo cha presha), ila silinda namba 3 imegota 95, nikatia kijiko cha oili tundu la plagi nikapima tena ikapanda 140. Oili huziba kwa muda upenyo wa pembeni ya pistoni lakini haizibi valvu, kwahiyo ni ringi (pete za pistoni zinazozuia presha isivuje) au silinda imelika, sio valvu. Na fundi alikuwa anang'ang'ania tubadili silinda hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) jamani! Asanteni sana, Jumamosi naenda Gerezani, kule Kariakoo, kuulizia ringi.