Vijiboga vinaoza vikiwa vidogo, tatizo nini?

Wakuu naomba msaada, maboga yangu yametambaa vizuri tu, majani makubwa na maua kibao, ila kila kijiboga kikifika saizi ya limau kinageuka njano, kinalainika nchani halafu kinadondoka. Mbolea nimeweka, maji namwagia kila siku. Nakosea wapi?

Jibu 1:
Hapo ua jike halijapata chavua mkuu, yaani ule unga wa ua dume. Angalia vizuri, ua dume lina kikonyo kirefu chembamba, jike lina kijiboga chini yake. Nyuki wakiwa wachache fanya mwenyewe: amka mapema maana maua yakishafunga kabla ya mchana ndo basi tena, chuma dume, toa petali, ule unga wa njano pakaza katikati ya jike. Mi nilikuwa nacheka watu wanaofanya hivi, sasa hivi namaliza raundi yangu kabla ya chai 😂

Jibu 2:
Na maji ya kila siku punguza, mwagia shinani kwa wingi udongo wa juu ukikauka. Mbolea ya naitrojeni nyingi nayo inakupa majani tu.

Muuliza swali:
Aisee kumbe! Asubuhi nimeona madume matupu, jike moja. Na nikivuna nitajuaje limekomaa?

Jibu 1:
Kikonyo kinakauka kama kijiti, ganda kucha haiingii. Kata ukiacha kikonyo, kikichomoka linaoza haraka. Na ukipika weka maji kidogo sana, ufunike, lenyewe lina maji mengi, ukilijaza unakula uji.