Rangi nzee kwenye milango ya vyumba: msasa, dawa au joto?

Swali

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninakarabati nyumba ya zamani na sasa nimefika kwenye milango ya vyumba. Ni milango ya mbao nzito yenye nakshi, lakini imepakwa rangi juu ya rangi hadi mifereji ya nakshi imezibika, na miwili inakwama kwenye fremu. Nimekusudia kuipiga msasa kwa mashine mpaka nifikie mbao. Je, ipo njia iliyo bora zaidi? Humu ndani tunaishi na mtoto anayetambaa.

Jibu la kwanza

Ndugu, kwa kuwa umemtaja mtoto, nakusihi usiiwashe mashine hiyo kwanza. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi (Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978), na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Vumbi la msasa mkavu hutua sakafuni, na mtoto hulipeleka mdomoni kwa viganja vyake. Kata kipande kidogo kinachopita tabaka zote hadi kwenye mbao, kisha ukipeleke maabara, maana risasi aghalabu imo katika tabaka za chini usizoziona.

Jibu la pili

Naunga mkono, na ninaongeza ya ufundi. Fungua bawaba na kitasa, ulaze mlango juu ya meza nje ya nyumba. Kwa nakshi, dawa ya kutolea rangi ndiyo yenye manufaa: paka nene, funika kwa nailoni isikauke, na usubiri mpaka rangi ijikunje na kuinuka yenyewe, ukiianza mapema utakwangua tabaka moja tu na kuumiza mbao. Mifereji isafishe kwa kijiti kilichochongwa, si kwa bisibisi. Iepuke kabisa dawa yenye methilini kloridi, kwani mvuke wake umewaua watu waliokuwa wakifanya kazi katika vyumba visivyopitisha hewa. Mashine ya hewa moto inafaa sehemu bapa, mradi isitulie mahali pamoja, lakini vipimo vikionyesha risasi, iache. Wala usikubali mlango utumbukizwe kwenye pipa la kostiki soda, kwa sababu gundi ya maungio hulegea.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nitapima kwanza. Ikibainika kuwa risasi imo, je, ni lazima niiondoe rangi yote?

Jibu la tatu

Si lazima, na kwa maoni yangu watu huondoa rangi nyingi kuliko inavyohitajika. Rangi iliyoshika vizuri, isiyobanduka wala kupasuka, inaweza kuoshwa, kusuguliwa kidogo kwa msasa wa maji, kisha kupakwa rangi ya msingi na rangi mpya juu yake. Hatari yako kubwa iko kwenye kingo za ile milango miwili inayokwama, kwa kuwa kila unapoifunga, rangi husagika dhidi ya fremu na kutoa vumbi upya. Anza na kingo hizo pamoja na fremu zake: lowesha, kwangua, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na mabaki uyafunge kwenye mfuko. Mtoto asiwepo siku hiyo, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.