Tammie Jo Shults alipigana vita gani kabla ya kurusha ndege za abiria?

Mwalimu wa Zamu:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha sekondari ya wasichana, na wiki iliyopita tulimzungumzia Tammie Jo Shults, kapteni wa shirika la ndege la Southwest la Marekani aliyetua Philadelphia tarehe 17 Aprili 2018 baada ya injini ya kushoto ya Boeing 737 yake kuvunjika angani. Niliwaambia wanafunzi kwamba zamani alirusha F/A-18, ndege ya kivita, katika Jeshi la Majini la Marekani, na kwamba ule utulivu wake aliupata vitani. Binti mmoja akanyoosha mkono na kuuliza ni vita gani hasa, nami nikakosa jibu. Naomba msaada kwa anayeijua njia aliyopita.

Bi Salama:
Mwalimu, binti huyo amekubana penyewe, kwa sababu Shults hakupigana vita vyovyote. Sheria ya Marekani ya mwaka 1948 iliwazuia wanawake wa Jeshi la Majini na la Anga kurusha ndege zinazokwenda mapambanoni, na ingawa Bunge lilikiondoa kizuizi hicho mwaka 1991, amri ya kuwafungulia nafasi hizo ilitolewa na Waziri wa Ulinzi, Les Aspin, Aprili 1993. Shults alikuwa ameacha utumishi wa kudumu mapema mwaka huohuo, akabaki katika jeshi la akiba hadi 2001.

Alifanya nini basi miaka yote hiyo? Alifundisha. Baada ya mafunzo katika kituo cha Jeshi la Majini cha Pensacola, Florida, na kupata mabawa yake, yaani beji ya rubani wa jeshi, alipelekwa Texas kuwa mkufunzi wa marubani wapya, kisha akajifunza kurusha A-7, ndege ya mashambulizi, na kuingia kikosi cha VAQ-34 kilichokuwa California. Kazi ya kikosi hicho ilikuwa kujifanya adui: kiliruka kuelekea meli na ndege za Wamarekani wenyewe na kuzivuruga rada zao, ili wazoee kabla ya kukutana na adui wa kweli. Kamanda wake tangu 1990 alikuwa Rosemary Mariner, mwanamke wa kwanza kuongoza kikosi cha namna hiyo katika jeshi hilo. Vita vya Ghuba vilipopiganwa mwaka 1991, Shults alikuwa hapo akiwafundisha wengine mambo ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kwenda kuyafanya.

Fundi Mitambo:
Namshukuru Bi Salama, ila ningependa tusiutafutie uzuri uonevu ule kwa kusema kwamba kuzuiwa ndiko kulikomfanya awe hodari. Alikuwa Southwest tangu 1994, kwa hiyo siku ya ajali alikuwa na zaidi ya miaka 20 ya ndege za abiria, na kushindwa kwa injini moja ni jambo ambalo kila rubani wa shirika hulirudia mara kwa mara katika simuleta, yaani mashine ya mazoezi inayoiga ndege.

Tena hakuwa peke yake. Wakati injini inavunjika, katika kimo cha zaidi ya futi 32,000, ndege ilikuwa mikononi mwa rubani msaidizi, Darren Ellisor, ambaye naye alitoka jeshini, katika Jeshi la Anga. Shults aliupokea usukani baadaye na kutua kwa mwendo mkubwa kuliko kawaida, bila kuzishusha kikamilifu flapu, yaani vibamba vya mabawa vinavyoisaidia ndege kuruka kwa mwendo mdogo, kwa kuwa hakuwa na hakika kwamba ndege iliyojeruhiwa ingemtii katika mwendo mdogo. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ndio wa kuwafundisha wanafunzi. Na usisahau kuwaambia kwamba abiria mmoja, aliyeketi karibu na dirisha lililovunjwa na vipande vya injini, alifariki. Ndani walikuwemo watu 149.

Mwalimu wa Zamu:
Nawashukuru sana nyote wawili, nami nitalisahihisha kosa langu mbele ya darasa. Limebaki jambo moja ambalo najua nitaulizwa: kwa nini alichagua Jeshi la Majini, ilhali alikulia New Mexico, mbali kabisa na bahari?

Bi Salama:
Hakulichagua kwanza, Mwalimu. Alikulia jirani na kituo cha Jeshi la Anga cha Holloman, akizitazama ndege zao zikipita juu ya shamba la wazazi wake, na ndilo jeshi aliloliendea mwanzo. Tayari akiwa sekondari, kanali mmoja mstaafu aliyekuja kuzungumzia urubani alimwuliza kama amepotea njia, maana alikuwa msichana pekee chumbani. Alipomaliza chuo aliwaendea Jeshi la Anga, ambalo lilikuwa likiwafunza wanawake urubani tangu 1976, lakini yeye hawakumtaka. Walichotaka kujua ni kama kaka yake angependa kurusha ndege.