Nyumba ya mzee Upanga ya mwaka 1961: fundi anataka kuvunja tofali za matundu zote, nishaurini kabla sijalia

Binti wa Upanga

Wakuu habari za leo. Marehemu baba katuachia nyumba Upanga, ghorofa moja, ule mtindo wa miaka ya 50 na 60 ambao ukikatiza mitaa ya nyuma ya Muhimbili bado unaziona chache. Paa bapa la zege limetokeza mbele kama ukingo wa kofia, ukuta wa kwenye ngazi wote kuanzia chini mpaka juu ni tofali za matundu, madirisha ya luva, sakafu teraso, halafu upande wa barabarani kuna mbavu nyembamba za zege zimesimama wima mbele ya madirisha. Kwenye tangi la maji juu kuna mtu alichora kwa kidole zege likiwa bichi "3/61" na jina lake, ila jina limeliwa na mvua imebaki herufi mbili tu.

Sasa shida. Paa linavuja, chini ya ule ukingo zege linabanduka nondo ziko nje zina kutu, mwezi uliopita kipande saizi ya sahani kimedondokea boneti ya gari ya mpangaji (bahati hakuwepo ndani). Luva nusu hazifungi. Kaka kaleta fundi, na fundi kaja na mpango wake: tofali za matundu vunja weka kioo cha tinti ya bluu, luva toa weka aluminiamu za kuslaidi, mbavu kata, ukingo kata, ukuta wa mbele bandika marumaru, juu piga bati la msauzi. Kaka anasema iwe ya kisasa kama za Goba. Mama yuko upande wa kaka.

Mimi roho inaniuma lakini sijui kama ni utoto tu, maana tulikuwa tunachungulia wageni kupitia yale matundu kabla hawajagonga, au kweli kuna kitu tunakipoteza. Nisaidieni, fundi anataka kuanza Jumatatu.

Zege Halina Undugu

Mkuu kwanza simamisha hiyo Jumatatu. Hayo mengine ya urembo mtaongea baadae, hicho kipande kilichodondoka ndo habari yenyewe.

Ukingo wa paa uliotokeza haujashikiliwa na nguzo, ni slabu ileile imepita juu ya ukuta ikatoka nje, kwahiyo nondo zinazobeba kazi ziko JUU ya slabu, siyo chini. Nyie mnaangalia kutu ya chini mnaogopa, lakini kama maji yanasimama juu ya paa miaka yote hiyo basi yanakula zile za juu ambazo hamzioni. Na ukimwambia fundi akate tu huo ukingo na nyundo anatikisa slabu mpaka ndani ya chumba. Mtafute injinia apande juu aangalie kabla mtu yeyote hajagusa.

Upepo wa bahari una chumvi, chumvi ikifika kwenye nondo inashika kutu, na kutu ni nene kuliko chuma kilichokuwepo, inavimba inasukuma zege nje. Ndo maana fundi akija akapiga plasta juu yake inakaa vizuri mwaka mmoja halafu inashuka yote. Dawa yake ni hivi, chukua nyundo ndogo gonga eneo zima, panapolia kama mtungi mtupu hapo pameshaachia. Chonga mpaka kidole kipite nyuma ya nondo, piga brashi ya waya chuma kiwe cheupe, nondo iliyokonda ongezea nyingine pembeni yake, paka dawa ya kutu, ndo ujaze na mota ya kukarabatia zege, ile ya mfuko inayouzwa maalum. Na mchanga wa ufukweni usiuone hata kwa mbali.

Paa lenyewe usikimbilie bati. Ni mlalo umepotea na mabomba yameziba. Safisha, mwagia zege jembamba lenye mwinuko kuelekea kwenye matundu ya maji, kisha tandika zile shiti za lami za kuchoma kwa gesi, mwisho paka rangi nyeupe au ya fedha irudishe jua.

Kusi na Kaskazi

Hapo juu kamaliza ya zege, mimi niongelee sura maana ndo kazi yangu. Dada (nadhani ni dada kwa jina), hizo mbavu na matundu siyo urembo, hiyo ndo eisii ya nyumba. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi mwaka mzima, linazuiliwa na ukingo. La asubuhi na jioni linakuja limelala, ukingo hauliwezi, ndo zikawekwa mbavu za wima. Upepo ndo usiseme, kaskazi Desemba mpaka Machi, baada ya hapo kusi, na ukuta wa matundu unaupokea wote kisha joto linapanda na ngazi linatoka juu. Ukiziba kwa kioo cha bluu utakuwa umejenga jiko la ghorofa moja. Luva pia, ikifunguka inafunguka karibu dirisha zima, ya kuslaidi hata ukiisukuma mpaka mwisho ni nusu tu.

Na watu wanadhani haya mambo yaliletwa tu na wazungu. Anthony Almeida alizaliwa hapahapa Dar, akasoma Bombay, akarudi miaka ya 40 mwishoni akachora majengo ya mjini miaka na miaka. Beda Amuli ndiye aliyechora soko la Kariakoo la miaka ya 70 lenye ile miavuli ya zege, lile lililoungua Julai 2021. Mzee wenu sijui alichorewa na nani ila akili ni ileile.

Halafu angalia banda la nyuma, nyumba za umri huo nyingi zina mabati ya kijivu ya asbesto. Kama yapo fundi asiyakate kwa grainda wala kuyavunja makavu, vumbi lake ni la kansa. Na rangi za zamani za madirisha zinaweza kuwa na madini ya risasi, msizipige msasa kavu watoto wakiwepo.

Mzee wa Goba

Nimesoma nimecheka. Nyie mnaopenda vya kale hamlali humo. Mimi nimepanga Upanga miaka sita nyumba kama hiyohiyo, matundu yale yanaingiza mbu, vumbi, mvua ya upepo, paka wa jirani, na siku moja mwizi aling'oa vioo vinne vya luva kimoja kimoja akavipanga chini vizuri kabisa, hata kimoja hakikuvunjika, akaingia. Asubuhi nimekuta vioo vimepangwa kama sahani. Kaka yako ana hoja usimdharau. Ila bati la msauzi juu ya nyumba ile hapana, hata mimi nakataa, itakuwa kama mtu kavaa suti na kapelo.

Kusi na Kaskazi

@Mzee wa Goba sawa, lakini hiyo ni kazi ya wavu na grili. Fremu ya aluminiamu yenye wavu ifungwe kwa NDANI ya ukuta wa matundu, iwe na bawaba ili ufungue usafishe, na grili ya nondo za kulala zifuate mistari ya luva, nje haionekani. Siyo yale maua ya chuma.

Mama Tudor

Hodi hodi kutoka Mombasa. Mimi nimeona mwisho wa hii hadithi kwa macho yangu. Nyumba ya baba yangu Tudor ilikuwa hivyohivyo, ndugu zangu wakaamua kuziba ngazi kwa vioo na kubandika marumaru ukuta mzima wa mbele, ikang'ara kweli, watu wakatupongeza. Mwaka wa kwanza tukaanza kuwasha taa ya ngazi mchana kwa sababu ya tinti. Mwaka wa pili ukuta ukanyonya maji ya mvua kutoka juu, yakakosa pa kutokea, marumaru zikaanza kuanguka moja moja usiku, paaa, watu wanaamka wakidhani ni mwizi. Sasa hivi upande mmoja una marumaru upande mmoja hauna, kama samaki aliyeparwa nusu.

Tofali zilizovunjika musizitafute dukani, umbo la zamani hampati. Chukueni moja nzima mupeleke kwa seremala awafanyie kalibu ya mbao inayofunguka, mufinyange kwa saruji na mchanga mwembamba wa mtoni, mupake oili ndani ya kalibu isigande, na muziloweshe wiki nzima zikomae. Sisi tulipotaka kurudisha tulikuwa tushazitupa zote. Mwambie kaka yako hilo.

Mbongo wa Sacramento

Mimi napaka rangi nyumba huku California. Kuna jamaa aliitwa Joseph Eichler alijenga huku nyumba kama 11,000 kuanzia 1949, paa bapa, mbao na vioo, za watu wa kawaida tu. Zamani wenye nazo walizipachika kila takataka, sasa hivi wanatulipa sisi kubandua takataka hizo. Palo Alto kuna mitaa ya nyumba hizo hauruhusiwi hata kuongeza ghorofa. Na mapaa yao yalivuja vilevile, wanapulizia povu juu kisha rangi nyeupe, hawavunji.

Binti wa Upanga

Jamani asanteni sana, ndio ni dada 😂

Jana nimepanda juu na tochi. Bomba la kushushia maji lina mwarobaini umeota ndani, siyo utani, mzizi umejaza bomba lote, na maji yaliyosimama yana viluwiluwi. Injinia anakuja Alhamisi, fundi kaambiwa asubiri kanuna. Nimemsomea kaka komenti ya Mama Tudor ya marumaru kuanguka usiku, amekaa kimya muda, akasema basi matundu yabaki lakini geti lazima liwe jipya na la umeme. Nimekubali haraka kabla hajabadilika. Mama yeye anachotaka ni wavu wa mbu tu, kumbe ndo kilichokuwa kinamsumbua miaka yote.

Asbesto ipo kweli kwenye banda la kuku, tumefunga mlango kwanza.

Nimehesabu tofali zilizopasuka ni 14. Mwenye kumjua seremala wa kalibu maeneo ya Ilala au Keko aje inboksi.