Tuliotumikia Jeshi la Anga la Uganda kabla ya 1979: tutafutane kwa njia gani?

Fundi wa Entebbe ameandika:

Ndugu zangu wastaafu, pamoja na watoto na wajane wa wale waliotutangulia mbele ya haki, nawasalimu nyote.

Nina jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu na ninaomba mawazo yenu. Nilijiunga na Jeshi la Anga nikiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikafunzwa ufundi wa injini, na utumishi wangu ulikuwa Entebbe kisha Gulu, nikihudumia ndege za kivita za Kirusi, MiG-17. Entebbe ilipotekwa na majeshi ya Tanzania tarehe 7 Aprili 1979, na Kampala ikaanguka siku nne baadaye, kikosi chetu kilisambaratika moja kwa moja. Wengine walivuka mpaka na familia zao kwenda Sudan na Zaire, wengine walikimbilia Kenya, wengine walikamatwa, na wengine walirudi vijijini kwao wakazika sare shambani wasije wakatambuliwa. Tangu hapo hatujawahi kukaa pamoja kama watu waliofanya kazi moja.

Majeshi ya nchi nyingine yana vyama vya wastaafu wa anga vinavyokutana, kutunza picha na kuandika majina ya marehemu wao. Sisi tunakutana misibani tu, na hata huko mara nyingi habari hunifikia matanga yakiwa yameshaanuliwa. Mwenzangu niliyelala naye chumba kimoja Gulu amefariki, nami nimepata habari kutoka kwa mtu baki niliyekutana naye kwenye basi la Masindi. Jambo hilo limeniuma sana.

Ninauliza mambo matatu yanayofungamana. Kwanza, tutawapataje walio hai, hasa wale wasio na simu au wanaoishi mbali huko Koboko, Yumbe, Lira na kwingineko? Pili, tukishawapata, tuandike nini na tukihifadhi wapi? Tatu, na hili ndilo linalonipa hofu zaidi, tutazungumzaje habari za miaka ile bila kuamsha ugomvi, ilhali kati yetu wamo walionufaika na serikali ya wakati ule, ya Idi Amin, wamo walioteswa nayo, na wamo waliokuwa watumishi tu wa kukaza nati na kujaza mafuta? Ningependa majibu ya watu waliokuwepo, na pia ya vijana wanaojua njia za siku hizi.

---

Mzee wa Arua amejibu:

Afande, salamu nyingi kutoka Arua. Nimesoma maneno yako nikayarudia, maana ni maneno yangu pia. Mimi ni wa zamani kidogo kuliko wewe. Niliingia katika miaka ya 1960, jeshi letu la anga likiwa bado changa, kwa kuwa lilianzishwa mwaka 1964 kwa msaada wa Waisraeli, na ndege ya kwanza niliyoigusa kwa mikono yangu ilikuwa Fouga Magister, ile ya mkia wenye umbo la V. Walimu wetu walikuwa wakali lakini walijua kufundisha. Walipofukuzwa nchini mwaka 1972, tulikuwa tumeshaanza kuwazoea Warusi na ndege zao, na tukalazimika kujifunza upya hata jinsi ya kusoma vibao vya vipimo ndani ya chumba cha rubani.

Nianze na swali lako la tatu, kwa sababu hilo likikosewa mengine yote yataharibika. Ushauri wangu ni kwamba mtu asiulizwe alikuwa upande wa nani. Aulizwe alikuwa kituo gani na alifanya kazi gani. Ukimwuliza mzee wa miaka sabini na kitu kuhusu serikali, atafunga mdomo, au atakupa hotuba, na vyote viwili havikusaidii. Ukimwuliza asubuhi yao ilianzaje pale Nakasongola, atazungumza mpaka jua litue.

Nitatoa mfano wa kazi yangu mwenyewe. Kabla ndege haijaruka, tulikuwa tunafungua kizibo kidogo chini ya tangi na kukinga mafuta katika chupa ya kioo safi. Tuliinua chupa ile juu kuelekea mwanga na kuitazama kwa makini, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta na hujikusanya chini, yakifanya mstari mwembamba unaocheza chupa inapotikiswa. Entebbe iko kandokando ya ziwa, na usiku unyevu wa hewa hugeuka matone ya maji ndani ya tangi lisilojaa, kwa hiyo maji tuliyaona mara kwa mara. Tulimwaga, tukakinga tena, mpaka chupa ikawa na rangi moja kutoka juu hadi chini. Kisha tulipanga mstari, bega kwa bega, tukatembea polepole juu ya lami tukiokota vijiwe, kwa kuwa pua ya MiG iko wazi na injini yake hufyonza chochote kilicho mbele yake. Rubani alipotia saini daftari la ndege, alikuwa anaamini macho ya watu ambao hakuna kitabu kilichowataja. Nimewahi kusoma habari za marubani wetu, japo kidogo, lakini za mafundi, wapishi, madereva wa magari ya mafuta na waongozaji wa mnara sijaziona popote. Mkianza, anzeni na hao.

Kuhusu kuwapata watu, msitegemee simu peke yake. Huku kwetu West Nile njia iliyo bora ni tangazo la msikitini baada ya sala ya Ijumaa na tangazo la kanisani Jumapili, pamoja na redio za mkoa zinazozungumza Kilugbara na Kiswahili. Njia nyingine ni siku za malipo ya pensheni, kwa sababu wazee hukusanyika benki tangu alfajiri na kukaa kwenye vivuli wakisubiri. Mtu mmoja mwenye daftari, akikaa nao kwa heshima na kuwaagizia chai, ataondoka na majina mengi kuliko atakayeandika barua kwenye ofisi. Mimi niliwahi kuandikia ofisi moja nikiomba orodha ya wenzangu wa kikosi. Barua yangu haikujibiwa, na nilipokwenda mwenyewe niliambiwa mafaili ya miaka ile hayapo. Sina haja ya kulumbana nao. Majina yamo vichwani mwetu, ila vichwa navyo havitadumu.

---

Binti wa Bombo amejibu:

Wazee wangu, shikamooni. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa redio za ndege, nasi tulikulia katika nyumba za askari. Ninaomba kusema mambo mawili kwa niaba ya watoto na akina mama.

Kwanza, tafadhali msiandike orodha ya wanaume tu. Mama yangu, ambaye bado yuko hai na akili zake ni timamu, anakumbuka majina ya majirani wote wa mstari wetu wa nyumba, majina ya watoto wao, nani alizaliwa usiku gani, na nani aliondoka na lori lipi mwezi Aprili 1979. Ndiye aliyechoma vyeti vya baba kwenye jiko la mkaa, kimoja kimoja, kwa sababu karatasi yenye muhuri wa jeshi ilikuwa inaweza kumfanya mtu auawe njiani. Picha moja tu ilipona, kwa kuwa aliishonea ndani ya mto wa mtoto. Baba yumo humo na wenzake wanane, wamevaa ovaroli, nyuma yao linaonekana bawa la ndege. Mama anawatambua watano, baba akiwemo. Wanne waliobaki nimewaulizia kwa miaka mingi bila kupata jibu. Hapa Bombo, ambako Kiswahili na Kinubi ni lugha za nyumbani, kuna wajane wengi wa namna yake, na sijamwona mtu aliyewahi kuwaomba wasimulie.

Pili, Mzee wa Arua, ninakubaliana nawe kwamba tusimwanzie mtu na siasa, lakini ninaomba tusiifunge milango yote. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walipotua Entebbe kuwaokoa mateka wa ndege ya abiria iliyotekwa nyara, ndege zetu za MiG zilizokuwa zimeegeshwa pale zililipuliwa, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba askari wa Uganda wapatao 45 waliuawa. Tarehe 4 Julai 2016 waziri mkuu wa Israeli, Benjamin Netanyahu, alikuja Entebbe kumkumbuka kaka yake Yonatan aliyefia pale, na hilo ni haki yake. Lakini mimi nafahamu nyumba ya hapa kwetu ambayo baba hakurudi usiku ule, na jina lake halisomwi katika kumbukumbu yoyote. Vilevile ndege zetu ziliangusha mabomu Bukoba mwezi Oktoba 1978, na huko nako kuna watu waliolia. Mtu akitaka kusimulia hayo, hata kama ni mambo mazito kwake na kwetu, asikatizwe. Tukikusanya habari za chupa ya mafuta peke yake, watoto wetu watatuuliza mafuta hayo yalipeleka ndege wapi.

---

Mstaafu wa Helikopta amejibu:

Wazee wangu na dada yangu wa Bombo, nimeguswa. Mimi ni wa kizazi cha UPDF, jeshi la Uganda la siku hizi. Nilihudumia helikopta za Mi-17 na nimestaafu miaka ya karibuni. Nilipokuwa kazini, sikuwahi kuambiwa neno hata moja kuhusu mafundi waliotutangulia, ingawa tulitembea juu ya lami ile ile ya Entebbe tukiokota vijiwe vile vile. Ile chupa ya kioo aliyoitaja Mzee wa Arua nami nimeishika, na mpaka leo fundi mdogo hufundishwa kuiinua kwenye mwanga. Kwa hiyo ninaomba kundi hili lisiishie mwaka 1979. Sisi nasi tuna marehemu wetu. Tarehe 12 Agosti 2012 helikopta tatu za Mi-24 zilizokuwa zikielekea Somalia zilianguka katika Mlima Kenya, na waliokuwa wakizihudumia ardhini walizitazama zikiondoka. Hakuna chama kilichotukutanisha baada ya hapo ili tuzungumze. Kila mtu alirudi nyumbani na lake.

Kuhusu kuhifadhi, nitasema ninayoyajua. Simu ya kawaida inatosha kurekodi sauti, mradi uiweke karibu na msemaji, uzime redio, na usogee mbali na barabara. Mwanzoni mwa kila mazungumzo msemaji ataje jina lake, kituo chake na miaka yake ya utumishi, kwa sababu baada ya miaka kumi sauti isiyo na jina haina mwenyewe. Asiyetaka jina lake litajwe nje ya kundi aheshimiwe, na hilo liandikwe siku hiyo hiyo. Picha zipigwe nakala mchana, nje, penye kivuli chenye mwanga, bila kuzitoa mikononi mwa wenyewe, na majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini kwa kuwa wino wa kalamu hupenya. Kila kitu kiwe na nakala mbili katika miji miwili tofauti. Watu wakishaongezeka, tuzungumze na chuo kikuu, Makerere au Gulu, ili nakala moja ikae maktaba.

Neno moja la tahadhari kwa wenzangu waliostaafu karibuni: habari za vifaa na shughuli zinazoendelea sasa hazituhusu humu. Tumekula kiapo na kiapo hakistaafu. Kumbukumbu za watu, mafunzo, chakula, nyimbo za mchakamchaka, walimu na misiba zinatutosha kabisa.

---

Fundi wa Entebbe ameandika tena:

Nawashukuru sana. Dada wa Bombo, umenisahihishia nia yangu mapema, na Mama yako ninamwamkia kwa heshima zote. Ninakubali kwamba tuanze na kituo na kazi, kisha tumwache msemaji aende anakotaka, na anayerekodi asihukumu wala asibishane naye. Ninakubali pia kwamba mlango uwe wazi kwa vijana wa helikopta.

Ninapendekeza mkutano wa kwanza ufanyike Bombo, kwa kuwa wa kaskazini wanaotumia barabara ya Gulu wanapita hapo hapo kabla hawajafika Kampala, na wajane hawatalazimika kusafiri. Tarehe 6 Februari isitumike, kwa sababu ni Tarehe Sita na wengi watakuwa kwenye sherehe za jeshi. Mzee wa Arua, ninakuomba uanze na tangazo la msikitini na la redio huko kwenu, nami nitashughulikia Masindi na Gulu.

Kuhusu ile picha ya watu tisa, Dada, ninaomba uniletee nakala yake kwanza kabla ya jambo lolote. Niliwafahamu mafundi kadhaa wa redio pale Entebbe. Je, Mama anakumbuka ilipigwa mwaka gani, na bawa linaloonekana nyuma yao limenyooka au limelala kuelekea nyuma? La kunyooka huenda likawa la Dakota au Fouga, na la kulala ni la MiG. Nikijua hilo, nitajua nianze kuuliza kwa wazee wa kikosi kipi.