Nimelipia tathmini ya mazingira ya sheli ya zamani hapa Tabora, na mtaalamu hakuinama hata kuunusa udongo

Ndugu wanajukwaa,

Mnivumilie kwa urefu, maana hasira hii nimekaa nayo tangu mwezi wa kumi. Mwezi wa sita nilinunua kiwanja cha biashara hapa Tabora mjini, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa sheli na gereji nyuma yake, kwa nia ya kujenga ghala la asali na karanga. Sikununua kwa pupa. Kwa kuwa nilijua palikuwa pakiuzwa mafuta, nilimtafuta mtaalamu mwelekezi wa mazingira, nikamlipa alichotaka bila kuomba punguzo, naye akanikabidhi ripoti yenye jalada gumu na muhuri, iliyosema kwamba eneo halina viashiria vya uchafuzi na kwamba matenki ya chini yalikwisha kung'olewa.

Fundi wangu alipochimba msingi hadi kina cha kiuno, udongo ulibadilika kutoka mwekundu ukawa wa kijivu, unang'aa kama uliokandwa kwa mafuta. Alichukua bonge moja, akalinusa, na kabla hajaniambia mimi lolote akamgeukia kijana wake na kumwamuru azime sigara. Siku ya tatu sururu ikagonga chuma. Matenki yapo, tena mawili, na bomba la kupumulia la mojawapo bado limesimama nyuma ya mwembe, limepakwa rangi ya ukuta. Mtu yeyote aliyekizunguka kiwanja kwa miguu angeliona.

Mvua ya kwanza ilipojaza mtaro, maji yakaota utando wa rangi za upinde wa mvua. Mtaalamu, kwa simu, akasema hiyo ni kutu tu, kwamba wapo bakteria wa chuma wanaofanya hivyo. Ni kweli wapo, lakini utando wao ukiuchokoa kwa kijiti huvunjika vipande vipande kama ganda, ilhali wa mafuta hukusanyika tena mara tu kijiti kinapopita. Nilichokoa mara tano. Ulirudi mara tano.

Nilipomweleza hilo, akahamia kwenye hadidu za rejea, yaani mipaka ya kazi tuliyokubaliana: kwamba hatua ya kwanza ya uchunguzi haihusishi kuchimba. Hapo ndipo aliponiudhi zaidi, kwa sababu anasema kweli nusu. Hatua ya kwanza ni ya kupekua kumbukumbu, kukagua eneo kwa macho na kuwahoji wanaolifahamu, na kazi yake yote ni kuamua kama kuna sababu ya kwenda hatua ya pili, yaani kutoboa ardhi na kupeleka sampuli za udongo na maji maabara. Sheli ya miaka yote hiyo haikumpa sababu? Bibi jirani, ambaye kisima chake kiko hatua chache kutoka ukutani, aliniambia, "Mwanangu, maji haya tuliacha kuyanywa zamani, hata mbuzi wanayakataa." Hakuna aliyemuuliza. Ripoti yangu, kwa upande wake, ina aya nzima kuhusu kulinda mikoko. Mikoko, Tabora!

Aliyeniuzia naye amenijibu kwamba aliuza kiwanja, hakuuza kilichomo chini yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kanuni ya mchafuzi kulipa, lakini ofisi niliyoipelekea malalamiko imeniambia niandike barua, kisha niandike nyingine yenye viambatisho, na kijana waliyemtuma alichukua sampuli ya maji kwa chupa tupu ya soda. Benzini, kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli, huruka hewani; sampuli yake huwekwa kwenye chupa ya kioo iliyojazwa pomoni, ikapozwa kwa barafu. Kilichofika maabara ndani ya plastiki ile, iliyojazwa nusu, sijui kama kitaitwa ushahidi.

Wenzetu wa Marekani, chini ya sheria yao ya mwaka 1980, mnunuzi anaweza kubebeshwa gharama za kusafisha hata kama si yeye aliyechafua, na ili ajikinge ni lazima achunguze kabla ya kununua, tena sehemu muhimu za uchunguzi huo zikipita siku 180 huhuishwa. Hapa nimechunguza kabla ya kununua, na mzigo bado ni wangu.

Msidhani nalia kwa harufu tu. Asali hunyonya harufu, kwa hiyo ghala pale halina maana. Hata bomba la maji la plastiki nililokusudia kulilaza lingepitisha mvuke wa petroli ndani ya maji ya kunywa, jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Dizeli angalau huweza kuliwa na vijidudu, udongo ukitandazwa juu ya nailoni nzito, ukachanganywa na samadi, ukalowanishwa na kugeuzwa kwa miezi kadhaa. Metali ya risasi haiozi, na sheli hii ilikuwepo kabla petroli yenye risasi haijaachwa mwaka 2006.

Ninachokidai ni hiki: mtaalamu arudishe fedha zangu na agharamie hatua ya pili kwa mtu mwingine, na muuzaji atoe matenki yake. Wameshakuja wauza vyuma chakavu mara mbili wakitaka kuyakata bure kwa gesi, nami nimewafukuza, kwa kuwa tenki tupu lenye mvuke hulipuka kuliko lililojaa. Udongo uliochimbuliwa nimeufunika kwa maturubai mawili na mawe, na jana usiku upepo uliling'oa moja. Aliyewahi kutolewa tenki la namna hii Tabora au Kigoma aniambie nani alilisafisha mvuke kabla ya kulinyanyua, na nani aliyelipia gharama.